Hachi moja, maungio matatu

Boti ni ya faiba, urefu futi 28, inabeba wageni kutoka Kunduchi, Dar es Salaam, kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi. Mbele ina chumba kidogo chenye magodoro mawili, majaketi ya kujiokolea na betri ya akiba. Juu ya chumba hicho kuna hachi, yaani mlango mdogo wa darini unaofunguka kwa bawaba: fremu ya aluminiamu ya mraba, kila upande sentimita 50, yenye kioo cha akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) cha unene wa milimita 10. Mabaharia wa majahazi wana neno lao, falka, lakini kwenye boti hizi za faiba kila mtu anasema hachi, nami nitasema hivyo hivyo.

Mama mwenye boti alinipigia simu mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha na magodoro yake yakiwa bado hayajakauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile hachi imeshazibwa mara tatu na bado inavuja. Safari hii uniambie kwanza unaweka nini, na kwa nini, ndiyo nitoe hela."

Mteja akiuliza hivyo anastahili jibu kamili, na jibu lenyewe lilinichukua siku nzima ya kukagua kabla sijanunua hata tyubu moja.

Nahodha wa boti ni mzee aliyeanza bahari kwenye majahazi. Mimi namwita mzee nahodha, yeye ananiita fundi. Alinipandisha, akageuza godoro: upande wa chini ulikuwa umeota ukungu mweusi. Kwenye dari, tone lilining'inia kwenye skrubu ya taa, sentimita 60 nyuma ya hachi. Kwa sababu hiyo wote walikuwa wameamini kwamba taa nayo inavuja, na kuna mtu alikuwa ameizungushia silikoni. Mama alikuwa na wasiwasi wa haki kabisa, kwamba wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, wakija na kukuta maji yanachuruzika juu ya nyaya watakuwa na la kusema.

Sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti, kwenye boti ya faiba kama hii si bamba moja. Ni ngozi mbili za faiba, na katikati yake kuna mbao nyepesi za balsa, zilizowekwa ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu hutembea ndani ya balsa au juu ya ubao wa dari, yakafuata mteremko, yakatokea popote yanapopata upenyo. Taa ilikuwa upenyo tu. Kuizungushia silikoni kuliyafungia maji ndani, na balsa ikifungiwa maji huoza.

Juu, hali ilikuwa mbaya zaidi. Silikoni nyeupe ilikuwa imepakwa kwa nje kuzunguka fremu, tabaka juu ya tabaka, kama sukari ya keki. Chini ya kiti nilikuta tyubu iliyobaki. Niliiminya kidogo, ikanuka siki. Harufu hiyo ni habari muhimu. Silikoni za bei nafuu za bafuni na jikoni hukauka kwa kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo haipatani na metali. Nilipokwangua tabaka la kwanza, aluminiamu iliyokuwa chini yake ilikuwa imefanya unga mweupe na vishimo vidogo. Chumvi ya bahari ilichangia, sina shaka, lakini silikoni ile haikusaidia: unga ukishaota chini ya silikoni, silikoni inakuwa imeshika unga, haijashika metali, na ukiivuta kwa kidole inatoka ndefu kama utepe. Ilitoka hivyo.

Kabla ya kubomoa zaidi nilitaka kujua maji yanaingilia wapi hasa. Hachi ina maungio matatu, na watu wengi huyaona kama moja. La kwanza ni pale fremu inapokaa juu ya sitaha. La pili ni pale kioo kinapokaa ndani ya fremu ya kifuniko. La tatu ni pale kifuniko kinapofunga juu ya mpira. Nilikausha kila kitu kwa taulo, nikaziba maungio yote kwa tepu pana ya plastiki, kisha nikawa nafungua moja, namwagia maji ya bomba bila kasi kwa dakika 10, nafunga, naenda kwa linalofuata. Mzee nahodha alikaa chini na tochi.

Nilianza na mpira. Haukuvuja, lakini nilipoupima kwa chaki niliona tatizo. Unapaka chaki ukingo wa fremu, unafunga hachi na kuikaza, unafungua. Mstari mweupe unabaki kwenye mpira kila mahali palipogusana. Mstari ulikamilika pande zote isipokuwa kona moja ya nyuma, karibu na bawaba, ambako tone la silikoni ya zamani lilikuwa limegandia chini ya mpira na kuunyanyua. Mpira wenyewe ulikuwa mzima. Ilitosha kuliondoa lile tone kwa ukucha.

Kwenye kioo, dakika ya nne, maji yalianza kupenya ukingo wa chini. Kwenye fremu na sitaha tulikaa muda mrefu kimya, nikaanza kudhani pako salama, mpaka mzee nahodha akapiga kelele kutoka chini: "Fundi, imefika kwenye taa!"

Kwa hiyo kazi zilikuwa mbili kwa pamoja, na hapo ndipo mjadala ulipoanza, kwa sababu mzee nahodha alitaka tyubu moja imalize yote.

Nenda Kariakoo, Mtaa wa Gerezani, sema unataka silikoni, utapewa tyubu. Sema unataka kitu cha kuzibia boti, duka la pili litakupa tyubu nyingine ya rangi nyingine, na muuzaji ataiita nayo silikoni. Neno hilo moja limebeba vitu visivyo ndugu. Silikoni ni kitu kimoja, poliyurethani ni kingine, polisalfaidi ni kingine, na butili haikauki kabisa. Kila kimoja kinashika vitu fulani na kuachia vingine, na baadhi vinakula plastiki.

Mzee nahodha alinisikiliza, kisha akasema jambo lililonifanya nifikiri. "Sisi kwenye jahazi tulikuwa na dawa moja. Pamba, mafuta, nyundo. Unakalafati, unapaka sifa, yale mafuta ya papa, chini unapaka deheni ya shahamu na chokaa, basi. Mbona haikuvuja?"

Kwenye jahazi haikuvuja kwa sababu mbao ilikuwa inafanya nusu ya kazi. Kalafati haihitaji kushika mbao; inahitaji kubanwa. Unaigonga pamba kati ya mbao mbili kavu, jahazi linaingia majini, mbao zinafura, zinaibana pamba mpaka inakuwa ngumu kama mbao yenyewe. Jahazi lililokaa juani muda mrefu huvuja siku za kwanza, kisha hujifunga lenyewe. Faiba haifuri. Aluminiamu haifuri. Vinavimba na kusinyaa kwa joto tu, tena kila kimoja kwa kiasi chake, kwa hiyo kila asubuhi na kila mchana maungio yanavutwa na kuachiwa. Kinachowekwa katikati lazima kishike pande zote mbili na kinyooke bila kuachia. Mzee alitikisa kichwa kukubali. Nilimweleza kwa mbao kwa sababu mbao anaijua kuliko mimi.

Bado alitaka kitu kikali kuliko vyote. Alikuwa ameona 3M 5200 ikitumika kwenye boti nyingine, poliyurethani inayokaa siku 5 hadi 7 kabla haijakomaa kabisa, na ikikomaa haitoki. Aliyoyaona ni kweli. Lakini hachi ni kitu cha kufunguliwa tena. Akriliki inachoka kwa jua, siku moja kioo kitabadilishwa, siku moja fremu itanyooshwa. Ukiibandika fremu ya aluminiamu juu ya sitaha kwa gundi ya namna hiyo, siku ya kuitoa utang'oa jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, pamoja nayo, pengine na ngozi ya juu ya faiba. Fremu ya hachi hii inashikwa na skrubu 12. Skrubu ndizo zinazobeba nguvu. Cha kuzibia kina kazi ya kuzuia maji tu. Gundi kali ninaitunza kwa maungio yaliyo chini ya mstari wa maji, ambayo sitarajii kuyafungua.

Kwa ungio la fremu na sitaha, moyo wangu ulielekea kwanza kwenye mkanda wa butili. Ni kitu kama unga wa chapati uliokandwa: unauzungusha chini ya fremu, unakaza skrubu polepole kwa siku kadhaa, unaosukumwa nje unaukata. Haukauki, kwa hiyo haupasuki, na ukitaka kufungua unafungua. Kwa boti nyingi ningeuweka bila kusita. Hapa nilikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, mkanda niliouona dukani ulikuwa wa mabati ya nyumba, wenye karatasi ya fedha juu na lami chini. Lami kwa jua letu inalainika na kuchafua sitaha, na si butili. Ya pili ni ya boti hii hasa. Injini zake ni za petroli, na vijana hupitisha madumu ya mafuta juu ya sitaha ya mbele kila asubuhi. Petroli huyeyusha butili. Dumu moja likimwagika pembeni ya fremu, kazi yote inaanza kuondoka taratibu bila mtu kujua.

Polisalfaidi ingefaa kwa faiba na aluminiamu, na inapenda mbao kuliko zote, lakini inaharibu akriliki, na sikutaka kitu hicho karibu na kioo kipya.

Nikachagua poliyurethani ya baharini ya nguvu ya kati, ya jamii ya Sikaflex-291i. Inashika faiba na aluminiamu iliyosafishwa vizuri, inanyooka, mmwagiko wa mafuta unaofutwa mara moja hauidhuru, na kwa kisu na waya mwembamba fundi mvumilivu anaweza kuitoa baadaye. Inakauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu Dar es Salaam hauna upungufu.

Kwa kioo, jibu lilikuwa tofauti kabisa, na hapa ndipo nataka mwenye boti yeyote anielewe. Kioo cha hachi hii hakina skrubu. Kinachokishikilia ni hicho hicho kinachozuia maji, na juu yake watu hukanyaga. Poliyurethani ya kawaida haishiki akriliki vizuri bila praima yake maalumu, dawa ya kupaka kwanza, na kuna la pili: akriliki inapitisha mwanga. Jua linapita ndani ya kioo, linaipiga poliyurethani kutoka upande ule inakoshika, na mionzi ya urujuanimno inaila hapo hapo. Kwa nje utaona kila kitu kizima.

Silikoni, ambayo nimeisema vibaya tangu mwanzo, ndiyo iliyofaa hapa. Lakini silikoni isiyotoa siki, ya daraja la kubeba uzito, ile ambayo mafundi wa alumini na vioo hutumia kugandisha vioo vya maghorofa. Duniani inayojulikana sana kwa hachi ni Dow 795, na haikutengenezwa kwa ajili ya boti. Ilitengenezwa kwa kuta za vioo. Jua haliidhuru, na inavumilia kunyooka au kubanwa hadi nusu ya upana wake. Kwa hiyo kama unaitafuta Dar es Salaam, usianzie kwenye duka la vifaa vya boti. Muulize fundi anayevisha jengo vioo ananunua wapi yake.

Mama aliniuliza kwa nini huko kunyooka ni muhimu kiasi hicho kwa kipande cha nusu mita. Tulipiga hesabu pamoja kwenye karatasi. Akriliki ya urefu wa mita 1 hurefuka takriban milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto. Aluminiamu hurefuka milimita 0.023. Kioo chetu ni nusu mita. Tukichukua kwamba alfajiri ya msimu wa upepo wa kusi kina nyuzi 22 na mchana juani kinafika 62, tofauti ni nyuzi 40: akriliki inarefuka milimita 1.4, fremu inarefuka kama milimita 0.46. Tofauti yao inakaribia milimita 1, yaani nusu milimita kila upande, kila siku Mungu anayoleta. Kama umekandamiza kioo mpaka silikoni ikabaki nyembamba kama karatasi, nusu milimita inaichana. Kama umeiachia milimita 3, ni kama kumvuta mtu mkono wa shati. Mafundi waliotangulia walikuwa wamekandamiza. Nilipokitoa kile kioo, chini yake palikuwa na utando tu.

Muda wa kazi niliuachia bahari iupange. Tuliipandisha boti ufukweni siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa, maji yalipojaa kabisa. Pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita 3, kwa hiyo ukiegesha juu kabisa, siku zinazofuata maji yanapoelekea kuwa mafu hayakufikii tena. Tulikuwa na kama siku 14 hadi bamvua nyingine, na kusi ilikuwa imeanza kuvuma, kavu. Mwezi wa Aprili nisingeigusa kazi hii.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za kuondoa tu. Silikoni ya zamani haiondolewi kwa thina; thina inaisambaza, na silikoni iliyosambazwa ni balaa, kwa kuwa rangi, jelikoti na poliyurethani vyote vinaikataa. Unakwangua kwa kisu na kipande cha plastiki ngumu, unapiga msasa, unafuta, unapiga msasa tena. Kujua kama umemaliza, nyunyiza maji. Yakitanda kama utando, pamesafika. Yakijikusanya kuwa matone kama kwenye jani la mgomba, bado ipo. Kijana wangu aliniambia pamesafika mara nne, na mara nne maji yalikataa. Sikumlaumu, kwa macho huwezi kuiona.

Kwenye matundu mawili ya kona ya nyuma balsa ilitoka nyeusi na laini. Tuliichimba kwa msumari uliokunjwa ncha na kufungwa kwenye drili, ukizungushwa kati ya ngozi mbili za faiba, mpaka tukafikia balsa nyeupe. Kisha tukaacha wazi, mchana jua na upepo, usiku balbu ndani ya chumba, kwa siku nne. Matundu yote 12 tuliyapanua, tukayajaza epoksi, gundi inayokauka ngumu, iliyochanganywa na unga wa kuifanya nzito, na ilipokauka tukatoboa upya katikati ya epoksi. Hivyo hata skrubu ikianza kuvuja siku moja, maji yatakuta epoksi kabla ya kukuta mbao. Kama kuna hatua moja katika kazi hii ambayo singekubali iachwe hata kwa mteja asiye na hela, ni hiyo. Cha kuzibia kinabadilishwa kwa asubuhi moja. Sitaha iliyooza unaijenga upya.

Tyubu za poliyurethani nilizijaribu usiku wa kuamkia kazi. Kwa kuwa hukauka kwa unyevu, tyubu iliyokaa dukani kwenye joto huanza kukauka ndani ya ganda lake. Soma tarehe, iminye kwa mkono, kisha toa mstari mfupi juu ya boksi la karatasi. Moja kati ya tatu ilikuwa inatoka na madonge. Niliirudisha.

Kuweka kwenyewe kulichukua chini ya saa moja. Tepu ya karatasi kuzunguka fremu, juu ya sitaha na juu ya aluminiamu. Midomo ya matundu tuliipanua kidogo juu ili kila skrubu ivae pete ya poliyurethani shingoni. Mstari mmoja unaoendelea bila kukatika, unaopita ndani ya mstari wa skrubu, na mduara kuzunguka kila tundu. Vipande vidogo vya plastiki vya milimita 2 chini ya fremu ili isije ikakaa chini kabisa na kuisukuma yote nje. Skrubu tulikaza kwa kupishana kona, mpaka poliyurethani ikatokeza sawasawa pande zote, tukaishia hapo. Kijana aliinua chupa ya spiriti alainishe ukingo, nilimzuia. Pombe inaingilia kukauka kwa poliyurethani, inaweza kubaki inanata bila kukomaa. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha, kwa kidole chenye glavu, halafu tepu inavuliwa kabla ngozi haijafunga. Kwa joto na unyevu wetu ngozi hufunga mapema kuliko muda ulioandikwa kwenye tyubu, kwa hiyo usiende kunywa chai kwanza.

Kifuniko nilikipeleka nyumbani, mbali na boti, ili silikoni isikaribie sitaha hata kwa bahati mbaya. Kioo cha zamani kilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele pembeni, alama ya mtu aliyewahi kukisafisha kwa thina au petroli, kwa hiyo tulikata kipya cha akriliki ya kumiminwa, pungufu ya fremu kwa milimita 3 kila upande. Akriliki huoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo, basi. Kingo za kushikia tulizipiga msasa laini, fremu tukaisugua mpaka unga mweupe ukaisha na metali ikang'aa. Siku moja kabla, nilimimina silikoni kidogo juu ya nailoni, ikakauka, nikakata vipande vya unene wa milimita 3. Hivyo ndivyo vilivyokibeba kioo kisizame wakati silikoni mbichi ikijaa chini yake na pembeni. Ni ujanja mdogo, lakini ndio uliotupa ile nafasi ya kunyooka niliyomwahidi mama kwenye karatasi.

Tuliacha kila kitu siku saba bila kukanyaga, bila kufungua. Mzee nahodha alilalamika kuhusu wageni aliowakosa wa Jumamosi na Jumapili, na alikuwa na haki ya kulalamika, ila nilibaki na msimamo wangu.

Kabla ya kuishusha boti tulirudia mtihani wa maji, dakika 10 kila ungio, kisha dakika 20 kila mahali kwa pamoja. Kavu. Boti ikaelea, ikarudi kazini, na kusi yote ya Julai na Agosti, mawimbi yakiipiga mbele njia nzima ya Mbudya, godoro halikulowa.

Vuli ilipoanza, simu ikaja. Tone moja. Kona ya nyuma.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Poliyurethani ilikuwa nzima, silikoni nzima, chaki ikachora mstari kamili kwenye mpira. Nilikaa chini na tochi huku mzee nahodha akimwaga maji juu, safari hii mimi ndiye niliyetazama, na niliyaona yakishuka kwenye bolti ya bawaba. Bawaba zina bolti mbili zinazopenya fremu moja kwa moja mpaka ndani. Mwezi wa Juni, nilipofanya mtihani, tepu yangu pana ilipita juu ya bawaba na kuziziba kila mara. Sikuzifungua hata mara moja, na kwa sababu hiyo sikuzihesabu. Hilo lilikuwa kosa langu na sikumtoza mama hela.

Nilizitoa zote mbili, nikasafisha, nikapanua kidogo midomo ya matundu, nikazivika poliyurethani chini ya vichwa na kukaza kwa kuzungusha nati huku kichwa nimekishika kisizunguke, kwa maana bolti ikizunguka inaikata ile pete laini iliyotoka kuwekwa. Nusu saa.

Mama alikuwa amesimama ufukweni na mwavuli. "Na hapo umeweka nini," aliuliza, "na kwa nini?"

Nikamweleza: ile ile ya fremu, kwa sababu hapa ni aluminiamu na chuma cha pua, plastiki haipo, na bolti ndiyo inayobeba.